Julai Chini ya Mlima Meru

Mgeni wetu kutoka pwani hatuhitaji kumwuliza ametoka wapi. Mwezi wa saba anateremka kwenye basi pale stendi akiwa na kanga mbili na gauni la mikono mifupi, na kabla hajapokewa mzigo ameshauliza, "Jamani, hapa ni Tanzania kweli?" Ni Tanzania, mama. Ila ni Tanzania ya mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima ambao kilele chake kimepita mita 4,500. Katika msimu huu wa kipupwe, kipimo cha joto mjini Arusha hushuka alfajiri hadi nyuzi 12 au 10 za Sentigredi, na huko juu mashambani hushuka zaidi. Wenzetu wa Njombe na Makete watatucheka kwamba hiyo nayo tunaiita baridi. Na wacheke. Kwa mama mwenye kichanga katika chumba kimoja cha bati kisicho na dari, nyuzi 10 zinatosha kumfanya akeshe.

Mwezi huu tunapenda kuwatembeza wasomaji wetu katika jiji hili na vijiji vinavyolizunguka. Safari hii hatuendi kutazama twiga wa Hifadhi ya Arusha wala maziwa ya Momella. Tunakwenda kuona jinsi akina mama wa huku wanavyozifanya nyumba zao ziwe na joto bila kumaliza fedha za ada na za unga.

Kwanza tueleze baridi yenyewe inatoka wapi. Kuanzia Juni hadi Agosti jua liko kaskazini mwa ikweta, na upepo wa kusi unavuma kutoka upande wa bahari ukiwa umebeba unyevu. Unapofika kwenye Meru hauna njia ila kupanda. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyopoa, na ule unyevu unageuka kuwa mawingu, ukungu na manyunyu. Ndiyo maana upande wa kusini na wa mashariki, yaani Ilboru, Sekei, Moshono, Tengeru na Nkoaranga, tunaweza kukaa siku nne tano bila kuuona mlima ambao uko juu ya vichwa vyetu. Ukizunguka nyuma ya mlima, kule Oldonyo Sambu na Ngarenanyuki, ni nchi kavu, jua linawaka na vumbi linatimka. Lakini usiku mbingu ikiwa wazi joto lote la mchana linapaa, na watoto wa huko wanajikunyata kama wa kwetu.

Kila mita 100 unazopanda, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Kwa hiyo anayekaa Olmotonyi, karibu na msitu wa misindano, anahitaji blanketi moja zaidi ya anayekaa Njiro, ingawa wote wawili hukutana sokoni asubuhi.

Wazee waliotutangulia kwenye miteremko hii, Wameru na Waarusha, waliijua baridi kabla ya kipimo chochote. Nyumba zao zilikuwa za msonge, na paa la nyasi au majani makavu ya migomba lilikuwa nene, likishuka karibu na ardhi ili upepo usipate pa kuingilia. Mlango ulikuwa mfupi, ukiingia unainama. Katikati kulikuwa na mafiga, na upande mmoja walilala ng'ombe au mbuzi na kondoo. Mgeni wa leo akisikia hivyo anakunja pua. Ila ng'ombe mmoja ni jiko kubwa lisiloomba mkaa. Usiku kucha anatoa joto, na mnyama na mwenye nyumba wanasaidiana. Udongo wa ukutani nao ulipokea joto la moto jioni na kulirudisha taratibu hadi alfajiri.

Nyumba za pembe nne na bati zilikuja baadaye, pamoja na misheni na kahawa. Wamisionari wa Leipzig walijenga kituo Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru miaka michache baadaye, na fedha za kahawa zilipoanza kuingia, kila aliyeweza alinunua bati. Hatusemi walikosea. Nyasi hushika moto, hubeba panya na wadudu, na moshi wa mafiga ndani ya msonge uliwaharibu akina bibi macho na vifua. Bati nalo limetupa maji ya mvua. Lakini bati halishiki joto kabisa: mchana hukuchoma, usiku hukupokonya. Tena kipupwe kikikolea linatoa jasho, na alfajiri unasikia matone yanadondoka juu ya chandarua. Tuliacha mbachao kwa msala upitao. Tulichukua bati bila kuuliza ni kitu gani kitachukua nafasi ya zile nyasi.

Kitu hicho ni dari. Hapa tungependa kuwasemesha akina baba kidogo, kama gazeti hili litabaki mezani wakalisoma. Katika nyumba nyingi tunazotembelea Kimandolu, Sakina na Moshono, tunapokewa kwenye makochi makubwa yenye vitambaa vya kufuma, kabati la vioo na televisheni, na ukiinua macho unaliona bati na misumari yake. Joto hupanda juu. Likikosa dari linakwenda zake. Dari kwanza, makochi baadaye.

Asiyeweza kununua mbao za dari anaweza kufanya kama mama mmoja wa Ngaramtoni aliyetukaribisha chumbani kwake. Alifumua viroba vya unga na vya chakula cha kuku, akavifua, akaviunga kwa sindano kubwa vikawa shuka moja pana, kisha kijana wake akaipigilia kwenye papi chini ya kenchi. Katikati ya viroba na bati hewa inakaa imetulia, na hewa iliyotulia ndiyo blanketi la nyumba. Tahadhari ni moja: viroba vinashika moto upesi. Chumba chenye dari ya namna hiyo kisiwashwe mshumaa wala koroboi.

Baada ya dari ni matundu. Jioni yenye upepo pitisha kiganja chako kwenye ukingo wa mlango, chini ya dirisha na pale ukuta unapokutana na bati. Utasikia ubaridi unapita. Chini ya mlango weka kitenge kikuukuu kilichoviringishwa na kushonwa kama soseji, ndani yake mchanga mkavu au pumba. Dirisha la vioo vya kukunja, vile vya kupangwa kama ngazi, halifungi hata ukilibembeleza. Lipewe pazia zito linalofika sakafuni, hata kama limeunganishwa kwa mablanketi mawili ya mtumba yaliyochakaa. Pazia lifunguliwe jua linapotoka na kufungwa saa kumi na moja jioni, kabla chumba hakijapoa. Wengi hulifunga saa mbili usiku wanapowasha taa, na kufikia hapo joto la mchana limeshatoka. Tundu dogo la hewa lililo juu ukutani usilizibe kamwe.

Unyevu nao ni adui. Chumba ambamo watu watano wamelala, nguo za shule zimeanikwa kwenye kamba na sufuria imechemka, kuta zake zinalia, na chumba chenye unyevu hakipati joto. Nguo zianikwe nje hata kama zitachukua siku mbili, au barazani chini ya paa. Jua likichungulia, na Arusha mara nyingi huchungulia kati ya saa sita na saa tisa mchana, fungua madirisha yote na utoe magodoro. Huo pia ndio wakati wa kumwogesha mtoto, wala si jioni.

Sasa twende kitandani, ambako ndiko ushindi unakopatikana kwa fedha kidogo kuliko mahali pengine popote. Watu wengi hujifunika juu na kusahau kwamba baridi inatoka chini. Godoro la sponji linapolazwa kwenye chaga zilizo wazi, au kwenye sakafu ya saruji, mgongo unapoa usiku kucha. Tandika chini ya godoro maboksi yaliyokunjuliwa, juu yake mkeka au gunia safi. Juu ya mwili mablanketi mawili mepesi ni bora kuliko moja zito, kwa sababu ya ile hewa iliyo katikati. Watoto walale wawili wawili, mzungu wa nne kama ilivyokuwa kwetu tulipokuwa wadogo, wamevaa soksi na boshori. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake, na joto lake jingi hutokea hapo.

Mfuko wa mpira wa maji ya moto unauzwa kwenye baadhi ya maduka ya dawa na unadumu miaka. Ujaze maji ya moto yasiyochemka, uufunge kwenye kanga, uuweke kitandani nusu saa kabla ya kulala, na kama anayelala ni mtoto mdogo uutoe kabla hajapanda. Chupa za plastiki za maji ya kunywa hunyauka na kupasuka, zimewaunguza watoto.

Mablanketi, masweta na makoti ya mtumba tunayapata Kilombero, na Jumamosi kwenye soko la Tengeru, ambako mama wa mjini anakwenda kununua ndizi na parachichi na kurudi na sweta tatu. Siri ya akina mama wanaofuma ni hii: hawatafuti sweta zuri. Wanatafuta sweta kubwa la sufu halisi lililotoboka kiwiko, ambalo mchuuzi yuko tayari kuliachia kwa bei ya kutupa. Wanalifumua, wanauosha uzi, wanauning'iniza ukiwa na kitu kizito ili unyooke, na kutoka sweta moja la mwanamume mnene wa Ulaya zinatoka boshori nne na jozi kadhaa za soksi. Tumewaona Sokon II wakifanya hivyo wakisubiri zamu zao kliniki, sindano haziishi kutembea.

Tumesema kuhusu kuziba, na hapa tunaomba msomaji asimame nasi, kwa sababu ndipo kipupwe kinapogharimu maisha ya watu. Kadiri chumba kinavyozibwa vizuri, ndivyo jiko la mkaa linavyokuwa hatari zaidi ndani yake. Karibu kila mwaka msimu huu, hapa kwetu na katika mikoa mingine ya baridi, tunasikia habari ya familia iliyoingiza jiko chumbani ili kupata joto na haikuamka. Mara nyingi ni chumba kimoja, baba, mama na watoto.

Mkaa unapowaka mahali penye hewa haba hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikereketi koo. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kujishikiza pale ambapo oksijeni ingekaa, tena kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mwili unanyimwa hewa huku kifua kikiendelea kupumua kama kawaida. Aliye macho ataumwa kichwa, atasikia kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Aliyelala hatasikia lolote. Kwa mama mjamzito, mtoto aliye tumboni anadhurika hata zaidi ya mama.

Kinachowadanganya watu ni moshi. Wanawasha jiko nje, wanangoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, kisha wanaliingiza wakiamini limekuwa salama. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hasa yanayotoa sumu hiyo. Makaa yaliyofunikwa majivu nayo yanaendelea kuitoa. Beseni la maji kando ya jiko halisaidii kitu. Dirisha lililoachwa wazi kidole kimoja si ulinzi wa kumlaza mtoto. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, hata kwa nusu saa ya kupasha chumba. Tunajua tunamwambia nani: mama aliyepanga chumba kimoja Ngarenaro au Unga Limited, anayepikia barazani, na usiku anaogopa jiko lisiibiwe akiliacha nje. Mama huyo alimwagie maji au mchanga mpaka life kabisa, kisha ndipo aliingize likiwa baridi.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango na umtoe nje kwenye hewa safi mara moja, usianze kutafuta chanzo. Kisha apelekwe hospitali hata kama amezinduka na anasema hajambo, maana athari zake huweza kujitokeza baadaye.

Wenye uwezo hufikiria hita ya umeme, nasi tulipiga hesabu yake. Hita ya wati 2,000 hula uniti 2 kwa saa. Ukiiwasha saa nne kila jioni, mwezi mmoja umetumia uniti 240 kwa hita peke yake, wakati bei nafuu ya umeme kwa watumiaji wadogo ni kwa wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Fedha za Luku za misimu miwili zingenunua mbao nyingi za dari.

Bora joto tulitafute tumboni. Hapa Meru imebarikiwa. Kuna mtori na ndizi za kupika na nyama, kuna makande, kuna loshoro ya mahindi yaliyokobolewa na maziwa mgando, ambayo mzee wa Kimeru akinywa asubuhi anakwenda shambani bila koti. Uji wa ulezi na karanga, chai ya tangawizi kwenye chupa ya chai inayokaa mezani hadi watoto warudi shule. Chakula cha namna hii kinahitaji moto mrefu, na mkaa msimu huu haukamatiki, kwa hiyo tunapenda kukumbusha jiko la kapu ambalo mama zetu walifundishwa. Chukua kapu kubwa, lizungushie ndani nguo kuukuu, sufi au nyasi kavu unene wa kiganja, ubakize shimo la kutosha sufuria. Maharage yaliyolowekwa usiku yachemke sawasawa kwa nusu saa, kisha sufuria ifunikwe vizuri, iingie kapuni na kufunikwa kwa mto. Baada ya saa tatu au nne yameiva bila kipande cha mkaa. Yachemshe tena kidogo kabla ya kula.

Huko juu kwenye vihamba, ambako ng'ombe hulishwa bandani, yule ng'ombe wa msonge amerudi kutoa joto kwa njia nyingine. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na ufundi vijijini kilichoanzishwa mwaka 1981 na chenye makao yake hapa Arusha, kimekuwa kikijenga mitambo ya biogesi tangu miaka hiyo. Samadi ya ng'ombe wachache na maji vinaingia shimoni, gesi inakwenda jikoni, na tope linalobaki linarudi kwenye migomba. Mama mwenye mtambo huo hapandi tena msituni kutafuta kuni kwenye ukungu, wala jikoni kwake hakuna moshi. Gharama ya kujenga si ndogo, lazima tuseme, na wengi waliofanikiwa wameijenga kidogo kidogo au kupitia vikundi. Kwa wa mjini upo mtungi wa gesi, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wakitumia nishati hiyo ifikapo 2034. Moshi si jambo dogo: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na kwamba karibu huongeza maradufu hatari ya mtoto kupata nimonia.

Nimonia ndiyo tunayoihofia Julai. Kikohozi na mafua kila mtoto wa Arusha anavyo, na mama hawezi kukimbilia hospitali kila anapopiga chafya. Basi ahesabu pumzi mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima, saa mkononi. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi, au wa mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi, apelekwe siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, asingoje asubuhi. Kwa kichanga chini ya miezi miwili usingoje hesabu. Pumzi za haraka, kukataa titi au mwili kuwa wa baridi ni safari ya hospitali. Na njiani joto bora kwake ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, boshori kichwani, blanketi juu ya wote wawili.

Katikati ya Agosti mlima unaanza kuonekana asubuhi, na jakaranda zinapochanua baadaye mwakani tumeshasahau. Siku hizo ndizo za kufua mablanketi, kuyaanika juani siku mbili mfululizo na kuyafunga kwenye viroba vikavu vilivyoinuliwa juu ya sakafu. Kuhusu kununua, tuliongea na mchuuzi mmoja wa Kilombero. Alisema blanketi analoliuza Julai bila kupunguza senti, Januari kwenye joto na watu wakiwa wamebanwa na ada huwa analikunjua mwenyewe na kumwita mteja, "Mama, njoo, taja bei yako."